Ukienda milima ya Wakhasi, kaa mpaka kikombe cha pili

Mara ya kwanza nilipoingia kwenye kibanda cha chai cha Wakhasi niliharibu. Nilikuwa nasoma Guwahati, mji mkubwa wa jimbo la Assam, kaskazini mashariki mwa India. Wikendi moja wanafunzi tulichanga fedha, tukakodi gari na kupanda milima ya Meghalaya, jimbo la jirani ambako ndiko kwao Wakhasi, kwenda Sohra, ambayo ramani nyingi bado zinaiita Cherrapunji. Mvua ikatukuta njiani, tukakimbilia kibanda cha mabati kando ya barabara. Ndani alikuwapo bibi mmoja, amekaa karibu na jiko la kuni, midomo myekundu, macho yake motoni. Nikatoa simu nikampiga picha. Hakusema neno. Alivuta shali yake mpaka usoni, akainuka taratibu, akaingia chumba cha nyuma, na mpaka tunaondoka hakutoka tena.

Chai tuliinywa kwa dakika kumi. Wenzangu waliendelea kufurahia maporomoko ya maji siku nzima, mimi moyo ulibaki kwa yule bibi. Nilikuwa nimeingia nyumbani kwa mtu bila salamu, na nimelelewa vizuri kuliko hivyo.

Baada ya siku hiyo nilirudi Meghalaya mara sita, na mara nne kati ya hizo nilifikia kijiji kimoja cha miteremko ya kusini, upande unaoangalia tambarare za Bangladesh, kwao msichana niliyesoma naye. Mama yake ana kibanda cha chai. Nimekaa pale siku nzima, nimeosha vikombe, nimepuliza moto, nimeona wageni wanavyoingia na kutoka. Naandika kwa ajili ya ndugu zangu wanaosoma au kutibiwa India, na yeyote anayepanga kufika huko, maana najua wengi watapita pale pale nilipopita mimi.

Jambo la kwanza kulielewa ni kwamba kibanda hicho, wanachokiita dukan sha, ni sehemu ya nyumba. Mara nyingi ni chumba cha mbele cha familia, au banda la mbao na mabati lililoegemezwa kwenye ukuta wa nyumba. Kuna benchi mbili tatu, meza ndefu, kabati la kioo lenye vitafunwa, na nyuma yake jiko ambalo birika halishuki tangu alfajiri. Mtoto anafanyia kazi za shule kwenye meza hiyo hiyo unayowekewa chai. Nepi za mtoto mchanga zinaanikwa juu ya jiko kwa sababu nje ni mvua. Ukiingia humo, umeingia sebuleni kwa watu.

Na sebule hiyo ni ya mama. Wakhasi wanahesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto anachukua jina la ukoo wa mama yake, na nyumba ya familia inashikwa na binti wa mwisho kuzaliwa, ka khatduh. Hashiki mali tu. Anashika na wazee, wagonjwa, na ndugu yeyote aliyeanguka katika maisha akarudi nyumbani. Hawezi kuamka asubuhi akaiuza nyumba kwa kuwa imeandikwa jina lake. Ndugu zake na mjomba, u kñi, wana kauli. Kwa hiyo ukikuta mwanamume amekaa kibandani, usimwendee yeye kwa mambo ya bei. Nilifanya hivyo siku ya kwanza pale kijijini. Nilimuuliza baba wa rafiki yangu, "Katno?", yaani shilingi ngapi, akatabasamu na kunyoosha kidevu kuelekea kwa mkewe. Baadaye niligundua kuwa hata yeye hajui vitumbua vinauzwaje.

Mimi mama yangu ni Mluguru wa Matombo, na Waluguru nasi tunafuata ukoo wa mama, lukolo. Mjomba kwetu si mtu wa kupita tu. Wakhasi wakikutana wanaulizana ukoo kabla ya kuulizana kazi. Wana msemo, "tip kur tip kha", kujua ndugu wa upande wa mama na ndugu wa upande wa baba. Bibi wa nyumba ile aliponiuliza kwetu tunafuata nani, nikamwambia mama, aligeuka akawaita majirani waje wamsikie mgeni kutoka Afrika ambaye naye ni mtoto wa mama. Chai ya siku hiyo walikataa katakata nilipe. Kama wewe ni Mluguru, Mmakonde au Myao, waambie. Ni njia fupi kuliko zote ya kufika mioyoni mwao.

Sasa salamu. Ukiingia, kabla hujakaa, sema "Khublei". Neno hilo lina baraka ya Mungu ndani yake, na hulitumia kusalimu, kushukuru na kuagana. Mwanamke muite Kong, dada mkubwa, hata kama ni mdogo kwako kidogo. Mwanamume muite Bah. Usimwite mwenye kibanda kwa kupiga makofi au "wewe" kama nilivyosikia watalii wengine wakifanya. Ukisema "Kong, sha saw, sngewbha", umeomba chai ya rangi kwa adabu, na utaona uso unavyofunguka. Kiingereza ni lugha rasmi ya jimbo na vijana wengi wanakijua, lakini wazee wa vijijini wengi wao ni Kikhasi tu. Maneno matano ya Kikhasi yatakusaidia kuliko Kihindi kizima.

Sha saw maana yake hasa ni chai nyekundu. Ni ile ile yetu ya rangi, nyepesi, tamu, kwenye kikombe kidogo. Sha dud ni ya maziwa. Majani kwa kawaida yanatoka Assam, huko chini tu, ingawa siku hizi vipo vijiji vya Wakhasi vinavyolima chai yao wenyewe, kama Mawlyngot, na ukipita huko nunua pakiti moja ukawape nyumbani.

Lakini chai bila kitafunwa ni nusu ya safari. Kila kitu pale ni unga wa mchele. Putharo ni mkate mwembamba mweupe unaochomwa juu ya chungu, laini katikati, ukiukunja unakumbusha chapati ya maji. Pumaloi hupikwa kwa mvuke, unakuja kama kofia nyeupe, unamong'onyoka ukiugusa. Huo usiule mkavu, chovya. Pusla nao ni wa mvuke, umefungwa kwenye jani. Na pukhlein! Unga wa mchele na sukari guru, vinakaangwa mpaka rangi ya kahawia, ukingo mkavu na ndani panavutika. Mtoto yeyote aliyelelewa kwa vitumbua vya asubuhi atajisikia yuko nyumbani. Mimi nilikula vinne, nikafunga vitatu.

Kwa Waislamu wenzangu nina neno la ziada. Wakhasi wengi ni Wakristo au wafuasi wa dini yao ya asili, Niam Khasi, na nyama yao ya kila siku ni ya nguruwe. Vibanda vingi vya chai vinapika pia jadoh, wali wa manjano unaopikwa na nyama, na mara nyingi nyama hiyo ni hiyo. Ukisikia jadoh snam, ujue na damu imo. Hakuna mtu atakayekuficha. Ila lazima uulize, kwa sababu wao hawana sababu ya kudhani huli. Sema "Ngam bam doh sniang", sili nguruwe. Kuku ni doh syiar. Uliza pia mafuta ya kukaangia, maana kwa wengine hutumika mafuta ya nguruwe, na kama hujaridhika chukua putharo na chai ya rangi. Mama yule, baada ya kujua, kila nilipofika alikuwa na kikaango cha pembeni kilichooshwa, hakigusi nyama, na aliniita nikione kabla hajakiweka motoni. Sijawahi kumwomba afanye hivyo. Nilipomweleza mama yangu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema nimpelekee khanga, na nilimpelekea.

Baada ya chai huja kwai, na hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa kutojua. Kwai ni popoo iliyokatwa, ndani ya jani la mtambuu lililopakwa chokaa. Wazee wetu wa Bagamoyo, Tanga na Unguja wanaijua vizuri: ni tambuu. Bibi mzaa baba yangu alikuwa na kijaluba chake cha shaba, na nilipoona sahani ya kwai mara ya kwanza nilisikia harufu ya chumba chake. Tofauti ni kwamba popoo za Wakhasi huwa mbichi au zimelowekwa, zina nguvu. Dakika chache tu masikio yanawaka, jasho linatoka hata kwenye baridi, na kichwa kinaweza kuzunguka. Kama hujazoea, hakikisha umekaa.

Kwa nini wanampa kila mgeni? Rafiki yangu alinisimulia kisa ambacho kila mtoto wa Kikhasi anakijua. Palikuwa na marafiki wawili, tajiri na maskini. Maskini alikuwa akienda kwa tajiri anakirimiwa. Siku moja tajiri akaamua naye akamtembelee mwenzake. Nyumbani kwa maskini hapakuwa na chembe ya mchele, mke akazunguka kwa majirani, wote wakamnyima. Mume kwa aibu ya kukosa hata punje ya kumpa mgeni wake akajiua, mke alipomwona akamfuata. Tajiri alipoingia akakuta miili miwili. Akajua sababu ni yeye, akajiua naye. Usiku huo mwizi akaingia kujificha, akaota moto, usingizi ukamchukua; alipoamka kumekucha na kuona maiti tatu, akaogopa atasingiziwa, naye akajimaliza. Mungu akahuzunika, akaotesha mpopoo, mtambuu, akaleta na chokaa na tumbaku, ili tangu siku hiyo asiwepo mwenye nyumba, maskini vipi, atakayekosa cha kumpa mgeni.

Tangu nisikie kisa hicho sijapokea kwai kwa mkono mmoja. Wakhasi wanamsema hata marehemu kwamba amekwenda kula kwai nyumbani kwa Mungu.

Hata hivyo sitakudanganya kuhusu afya. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza mwaka 2003 kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, inasababisha saratani. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: ipokee, shukuru kwa "Khublei shibun", ionje mara moja kama unataka, na nyingine zote zifunge kwenye karatasi uende nazo. Hakuna aliyewahi kunikasirikia kwa kutotafuna. Kuirudisha kwenye sahani, au kukunja uso, hilo ndilo linaloumiza.

Kuhusu mvua. Mawsynram, kijiji kilicho mbali kidogo na Sohra, kinapata wastani wa karibu milimita 12,000 kwa mwaka, na Sohra kwenyewe iliwahi kupimwa milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Ukienda Juni mpaka Septemba, jiandae kukaa kibandani saa nzima ukisubiri, na usilalamike, maana hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Utawaona wakulima wanaingia wamebeba knup mgongoni, ngao ya mianzi na majani inayofunika kichwa mpaka kiunoni, ili mikono yote miwili ibaki huru kulima. Wanaiegemeza mlangoni kama sisi tunavyoacha viatu.

Kitu ambacho wageni hawakitegemei ni ukame. Mahali hapo hapo, Desemba mpaka Machi, akina mama wanateremka mbali kutafuta maji. Udongo ni mwembamba, misitu imepungua sehemu nyingi, mawe ya chokaa yanayameza maji yote na kuyapeleka chini bondeni. Nilikuwa pale Februari moja, na nilimwona mama akiosha vikombe kwa beseni mbili tu, la sabuni na la kusuuza, na maji ya kusuuza yakaenda kumwagiliwa mboga. Dada mmoja mtalii aliomba ndoo anawe miguu yenye matope. Alipewa. Hakuambiwa kitu, kwa sababu mgeni haambiwi. Naomba wewe usiombe. Panguza miguu kwenye majani.

Siku ya kwenda nayo ina maana. Jumapili watu wako kanisani. Wamisionari wa Wales walifika Sohra mwaka 1841, na vijiji vingi siku hiyo vibanda vinafungwa. Siku nzuri kuliko zote ni siku ya soko, lakini usiitafute kwenye kalenda ya ukutani, kwa sababu wiki ya masoko ya Wakhasi ina siku nane, na kila siku ina soko lake mahali tofauti. Kwa hiyo soko la kijiji likiwa Jumatatu hii, linalofuata litaangukia Jumanne ya wiki ijayo. Muulize dereva au mwenye nyumba. Siku hiyo vibanda vinajaa tangu kabla ya jua, wanaume wanashusha matenga ya koni wanayoyabeba kwa ukanda wa paji la uso, na hutapata nafasi ya kuzungumza na mwenye kibanda. Utakula vizuri, lakini mazungumzo nenda kesho yake.

Beba noti ndogo, za rupia 10 na 20. Kikombe nilikuwa nalipa rupia 10. Wahindi wanalipa kwa simu hata vijijini, sisi wageni mara nyingi hatuwezi, na kumpa mama wa watu noti ya 500 kwa chai mbili ni kumhangaisha azunguke kutafuta chenji. Usipunguze bei. Na usizidishe pia kwa kurusha noti mezani. Ukitaka kuongeza, nunua vitafunwa vya kuondoka navyo, au pilipili manga na asali kama wanauza, kwa kuwa miteremko ile ya kusini ina vyote viwili na ni vizuri sana.

Vijiji maarufu kama Mawlynnong, kilichosifiwa na jarida moja la safari mwaka 2003 kuwa kijiji kisafi kuliko vyote Asia, na Nongriat, penye daraja la ghorofa mbili lililofumwa kwa mizizi hai ya miti, vina vibanda vingi na watu wanakwenda. Nongriat utateremka ngazi kama 3,500, na kila kibanda cha njiani kitakuokoa wakati wa kupanda. Nenda, usikose. Ila huko watu wamezoea wageni wa dakika tano, na foleni ya picha ni ndefu. Mimi ningekuomba utenge asubuhi moja kwa kijiji ambacho hakijaandikwa popote, ambacho gari la Sumo la abiria linakushusha kwa sababu kuna mtu mwingine anateremka hapo.

Na picha? Sasa huwa sitoi simu kabisa mpaka kikombe cha pili. Kikombe cha kwanza ni kiu. Ukiagiza cha pili, mwenye nyumba anajua huna haraka, anavuta kigoda anakaa, anafunga vizuri lile vazi lao la mirabaraba linalofungwa begani kama lubega, anakuuliza watoto wangapi. Hapo ukiomba picha, mara nyingi ataita na wajukuu. Akikataa, umekwishajua uso wake, hutausahau. Nimeomba mara nyingi, nimekataliwa mara mbili, na hizo mbili sikuzikazania.

Jambo la mwisho ni giza. Majira ya baridi jua linazama saa kumi na nusu jioni, kwa sababu India nzima inatumia saa moja na huku ni mashariki kabisa. Sumo la mwisho huondoka mapema. Siku yangu ya mwisho pale kijijini nilijisahau, mazungumzo yalikuwa matamu, na nilipouliza barabara kuu iko umbali gani, nilitegemea nitajiwe kilomita. Bibi alifikiri kidogo, akatazama mlima, akasema ni kwai mbili: utatafuna ya kwanza ikiisha, ukimaliza ya pili umefika. Akazifunga mbili kwenye kipande cha gazeti, akanikabidhi kwa mikono yake miwili, na binti yake wa mwisho akachukua tochi akanisindikiza. Ya kwanza nilimpa yeye. Ya pili ilikuwa bado mfukoni mwangu tulipoona taa za gari.